Mishipa ya Kondo la Nyuma na Mimba Ijayo

SWALI: Daktari, mwaka jana nilijifungua kwa upasuaji mimba ikiwa na wiki 33, baada ya presha kupanda na mtoto kuonekana hakui vizuri tumboni. Nilielezwa kuwa mishipa ya damu ya kondo la nyuma ilikuwa na kasoro. Mama mkwe anashikilia kwamba chanzo ni ndoo za maji nilizokuwa nikibeba. Je, ni kweli, na hali hiyo itajirudia?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, dada. Ndoo hazihusiki. Mimba inapotunga, chembe za kondo la nyuma hupenya katika ukuta wa mji wa mimba na kuigeuza mishipa myembamba ya ateri ya mama iwe mipana na milegevu, ili damu ipite kwa wingi. Kazi hiyo huanza katika miezi mitatu ya kwanza na kukamilika karibu na wiki ya 20, kabla hata tumbo halijawa kubwa kiasi cha watu kukukataza ndoo. Isipokamilika, mtoto hupata oksijeni na virutubisho pungufu, na kondo lenyewe humwaga katika damu ya mama kemikali zinazodhuru mishipa yake mwilini kote. Ndipo presha hufika 140/90 au zaidi, protini huonekana kwenye mkojo, na kifafa cha mimba hunyemelea.

Uwezekano wa kujirudia upo, na kwako ni mkubwa kiasi kwa kuwa tatizo lilitokea mapema, ingawa wanawake wengi wenye historia kama yako hujifungua salama baadaye. Usisubiri tumbo lionekane, kama ilivyo desturi ya wengi hapa mjini. Fika kliniki kabla ya wiki ya 12 ukiwa na karatasi za uzazi uliopita. Daktari anaweza kukuandikia aspirini ya dozi ndogo, ambayo hupunguza hatari hasa ikianzwa kabla ya wiki ya 16. Usijinunulie dukani, kwani haimfai kila mtu, akiwemo mwenye vidonda vya tumbo. Baadaye omba altrasaundi ya Doppler, ambayo hupima mwendo wa damu katika kiungamwana, yaani kamba ya kitovu. Altrasaundi ya kawaida huonyesha mambo kama ukubwa wa mtoto, si mtiririko huo.

Ukiumwa kichwa kikali, ukiona maluweluwe, ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado.