Nimerudia vitabu vyote vile 14, safari hii nikimsimulia bibi

Mkuu, umeuliza kama kuna faida ya kurudia Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za fantasia wa Robert Jordan, kuanzia mwanzo, maana uliishia kitabu cha 10 ukachoka, na sasa umesahau nani ni nani. Rudia. Ila usisome peke yako, tafuta mtu wa kumsimulia.

Mara ya kwanza nilisoma kama mtu anayewahi basi la Masasi. Vitabu 14, cha kwanza kilitoka 1990 na cha mwisho 2013, na nilichotaka ni kufika tu. Mara ya pili ilinikuta Mikindani kwa bibi yangu, msimu wa korosho. Mchana niko ghalani tunapima magunia, usiku bibi anabangua za kula nyumbani, mimi na simu yangu pembeni. Siku moja akaniuliza, "Mume wangu, hiyo simu inakwambia nini kila siku?" Nikaanza kumsimulia.

Majina ya wahusika hakuyataka. Rand akawa Mchungaji, kwa kuwa alikulia kwenye kondoo. Perrin akawa Mhunzi. Mat akawa Mcheza Dadu, na huyo ndiye aliyempenda kuliko wote. Nynaeve, yule mganga wa kijiji anayevuta msuko wake kila akikasirika, akawa Bi Msuko. Mimi msuko ule ulinikera mara ya kwanza hadi nikawa naruka mistari. Bibi alikuwa anaungoja! Nikisema tu Bi Msuko kaingia chumbani kamkuta Mcheza Dadu, bibi anaweka jiwe chini, anashika ncha ya mtandio kwa vidole vyeusi vya mafuta ya maganda, anauvuta kwa nguvu na kukunja uso: "Hivi?" Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Halafu kuna vitu ambavyo mbio zilinificha. Kitabu cha kwanza yupo mchuuzi anayeingia kijijini na gari lake la farasi, analeta habari za vita. Mwanzoni nilimpita kama ninavyompita muuza sahani. Safari hii namjua ni nani, mikono inanitoka jasho, lakini simwambii bibi. Akaniuliza mwenyewe: "Habari mbaya zote hizo, mbona anazitoa kwa raha?"

Na wale wanawake wa Mnara Mweupe, wenye nguvu za ajabu, walioapa kutosema neno lisilo la kweli. Nilipomweleza kiapo chao, bibi akasema, "Hawakuapa kujibu ulichowauliza." Tangu hapo kila mmoja wao akifungua mdomo tulikuwa tunachambua maneno yake moja moja kama korosho za daraja la kwanza. Ndivyo nilivyonasa, kitabu cha 2, sentensi moja ambayo zamani ilinipita bila kushtuka. Sikutajii ni ya nani, maana jibu lake liko kitabu cha 12 na hujafika.

Sasa hicho cha 10 kilichokushinda, kilichotoka 2003. Unakumbuka mwisho wa cha 9 Mchungaji anafanya jambo kubwa mno, anauondoa uchafu uliokuwa unawatia wazimu wanaume wenye nguvu za ajabu. Cha 10, badala ya kusonga, kinarudi nyuma na kutuzungusha kwa watu wengine, na mmoja baada ya mwingine wanahisi kwa mbali kishindo kilekile cha siku ileile. Usiku wa kwanza bibi alisikiliza. Wa pili akasema, "Si ulinisimulia jana?" Wa tatu akasema, "Mume wangu, simu imekwama." Nikaelewa kilichokuchosha. Nilikuwa nasoma kurasa na kurasa, nikifika kwa bibi sina cha kusimulia zaidi ya nani kavaa nini na nani kanywa chai. Nikakifupisha kwa siku 2 nyingine, na hatukupungukiwa kitu. Fanya hivyo hivyo, kwa sababu cha 11 kinakimbia, na ukikwama cha 10 utakosa uhondo.

Cha 11 ndicho cha mwisho kwenye mfululizo ambacho Robert Jordan alikimaliza mwenyewe. Alifariki 2007. Nilipomwambia bibi, aliacha kubangua. "Na hadithi?" Nikamweleza kwamba mkewe, Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wake, na ndiye aliyemchagua Brandon Sanderson aimalizie kwa maandishi aliyoyaacha marehemu, na kitabu kimoja kilichobaki kikazaa vitatu. Bibi ni mjane tangu sijazaliwa. Akapaka majivu mikononi, akaokota korosho nyingine. "Huyo mama kamfanyia mumewe arobaini ndefu," akasema.

Vyote 3 tulivimaliza, cha mwisho mabibo yakiwa yamekwisha mitini. Wewe anza leo. Ukifika kitabu cha 2 nitafute, tuone kama ile sentensi utainasa.