Kabla hujanunua kadi ya grafiki, tafuta kaskazini ya kiwanja

Mkuu, umeuliza ununue kadi gani ya grafiki, kwa sababu unachora nyumba kwa SketchUp (programu ya modeli za 3D), unarenda kwa V-Ray, yaani programu inayogeuza modeli kuwa picha inayofanana na ya kweli, picha moja ya nje inakula usiku kucha, na asubuhi mteja anakwambia nyumba inafanana na katuni. Wadau wamekutajia kadi za kila bei. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Dar es Salaam na kurenda ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Kwa maelezo uliyotoa, kadi mpya itakuletea katuni ileile, ila kwa haraka zaidi. Anza na jua.

Fungua faili lako uangalie modeli imewekwa wapi duniani. Kwa miaka mingi SketchUp imekuwa ikifunguka ikiwa Boulder, Colorado. AutoCAD na Revit, programu nyingine za kuchorea majengo, nazo huanzia San Francisco na Boston. Miji yote mitatu iko mbali kaskazini mwa tropiki, kwa hiyo jua lake la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na jua letu lina tabia tofauti kabisa. Juni, saa sita mchana, liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Desemba linahamia kusini, nyuzi 73 hivi. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba linapita utosini, ukisimamisha nguzo huoni kivuli chake. V-Ray inachukua jua lake kutoka kwenye mpangilio wa vivuli wa SketchUp, kwa hiyo kama hujagusa kitu, nyumba yako ya Mbezi inamulikwa na jua la Marekani. Mteja hatakwambia hivyo. Atakwambia tu picha "haijakaa vizuri", kwa sababu macho yake yamezoea vivuli vya hapa tangu utotoni.

Nina mfano mmoja ninaopenda kuwapa vijana. Nyumba ya Kigamboni, sebule na kibaraza vinatazama kaskazini, upenu wa paa sentimita 60. Niliweka eneo sahihi, saa za Afrika Mashariki (UTC+3), mwezi Juni, nikarenda adhuhuri. Kwa jua la nyuzi 60, upenu wa sentimita 60 unashusha kivuli mita 1 na kidogo tu. Ncha ya upenu ilikuwa mita 2.7 kutoka sakafuni, kwa hiyo kivuli kiliishia kama mita 1.66, na dirisha lilianza sentimita 90. Mama mwenye nyumba akaona kwenye picha jua limelala juu ya kochi lake. Akauliza kama itakuwa hivyo kweli, nikamwambia ndiyo, kwa miezi kadhaa ya katikati ya mwaka. Tukapeleka upenu hadi mita 1.2, kivuli kikashuka mita 2 na zaidi, dirisha lote likafunikwa. Msingi ulikuwa bado haujachimbwa. Ile renda haikuwa na miti wala gari la kifahari mlangoni, ila ndiyo picha iliyomsaidia yule mama kuliko zote nilizompa.

Upande wa magharibi ni kesi nyingine. Saa kumi alasiri jua lina nyuzi kati ya 30 na 40 hivi, upenu hauwezi kitu. Hapo onyesha mti au ukuta wa tofali za matundu, na urende saa hiyohiyo ya alasiri ili mteja aone unachokiongelea.

Sasa, jua haliwezi kukaa sawa kama kaskazini imepotea, na hupotea mara nyingi. Tunapokea ramani ya upimaji, tunaizungusha ili barabara ikae chini ya karatasi, halafu hakuna anayekumbuka kuizungusha kaskazini pamoja nayo. SketchUp inachukulia mhimili wa kijani kuwa ndio kaskazini. Ukizungusha kiwanja kwa nyuzi 40, jua lako nalo limekosea kwa nyuzi 40. Kwa hiyo modeli iache kwenye mwelekeo wake halisi, zungusha kamera na karatasi.

Kwenye ramani hiyohiyo ya upimaji kuna tatizo jingine. Mpima anatupa namba za UTM, ukanda wa 37 Kusini, yaani mahali pa kiwanja duniani kwa mita. Kwa Dar, namba ya kwenda kaskazini inazidi mita 9,200,000. Kadi za grafiki na injini nyingi za kurenda hubeba namba kwa usahihi wa tarakimu 7 hivi. Juu ya 8,388,608 hatua ndogo kabisa inayobaki ni 1 nzima, yaani kama kipimo chako ni mita, programu haiwezi kutofautisha vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya mita moja! Ndiyo maana unaona kingo za ukuta zinatetemeka, vivuli vina meno, sakafu inamelemeta ukizungusha kamera. Watu wamenunua kompyuta mpya kwa sababu ya hili. Dawa ni kuchagua jiwe moja la mpaka, kuandika namba zake pembeni, na kuhamisha mchoro wote ili jiwe hilo liwe 0,0.

Baada ya jua ndipo uje kwenye rangi. Renda kwanza nyumba nzima kwa rangi moja ya kijivu, V-Ray ina kitufe cha Material Override kwa kazi hiyo. Kama picha ya kijivu haivutii, hakuna tekscha (picha ya tofali, mbao au kigae inayobandikwa juu ya modeli) itakayoiokoa. Ikikaa vizuri, rudisha rangi ukiwa na tepu mkononi. Tofali letu la inchi 6 lina urefu wa milimita 450 na kimo cha 225, na kigae cha 600 kwa 600 kiwe 600 kwa 600. Tofali likiwa kubwa kuliko kawaida, nyumba nzima inageuka kuwa ya wanasesere. Rangi nyeupe usiipe 255, yaani mwisho wa kipimo cha 0 hadi 255, hakuna ukuta unaorudisha mwanga wote. Ipe 230 hivi na utaona vivuli vya ndani vinapata uhai. Kingo za nguzo na meza zipe mviringo wa milimita 2 au 3 ili zishike mwanga.

Angalizo: picha ya anga ya HDRI, ile inayozunguka modeli na kuimulika, mara nyingi ina jua lake ndani. Ukiweka na jua la V-Ray juu yake, utapata vivuli viwili. Chagua moja. Na miti iwe mwarobaini, mkungu, mnazi. Misonobari yenye theluji kwenye ua wa Bunju inaharibu kazi nzuri.

Kuhusu muda. Chembechembe kwenye picha, yale madoa kama mchanga, hupungua taratibu sana: ukitaka zibaki nusu, unahitaji sampuli (miale ya mwanga inayopigiwa hesabu kwa kila pikseli) mara 4. Kwa hiyo usizifukuze kwa sampuli peke yake, washa kisafisha chembechembe (denoiser) mapema. Halafu angalia ukubwa. A3 kwa 300 dpi (nukta kwa kila inchi) ni pikseli 4961 kwa 3508. Kwa 150 dpi ni 2480 kwa 1754, robo ya idadi ile ya pikseli, na muda unashuka karibu hivyohivyo. Karatasi ya A3 ubaoni inaangaliwa kwa umbali wa mkono, 150 inatosha kabisa. Kama mteja ataiona kwenye WhatsApp, upana wa 1920 unatosha. Majaribio yote fanya kwa nusu ya upana na nusu ya urefu.

Ukifanya yote haya na bado unasubiri usiku kucha, basi nunua, na kwanza tazama kumbukumbu ya kadi (VRAM) kabla ya kasi yake, maana modeli yenye miti mingi isipoenea humo, kurenda kwa kadi kunakwama hata kama kadi ni ya bei mbaya. Mimi nisingechukua chini ya GB 12 kwa picha za nje. Ila kabla ya hapo weka hapa ile renda ya kijivu, pamoja na kipande cha ramani ya upimaji kinachoonyesha kaskazini, namba za kiwanja na majina uzifute, tuiangalie.