Kabla ya kuyeyusha chupa, shika kwanza msalaba wa shaba

Badogo wangu mnaokuja atelye, karakana yangu ya kioo hapa Lubumbashi, na picha ya kinyago kwenye simu, mnataka tuyeyushe chupa siku hiyo hiyo, mi nawaomba mtulie kidogo, maana hivyo njo nilianza mi mwenyewe na nilivunja kazi mingi sana juu ya ile haraka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kroazeti, ule msalaba wetu wa shaba ambao mitatu yake iko kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Umbo nilitoa kwenye picha tu, nikachonga nta na kona kali kabisa kama za kabati, mikono minene, katikati pembamba. Nta hiyo unaimwagia plasta, nta ikiyeyuka na kutoka inabaki kalibu, njo chupa zinayeyukia humo. Ikatoka safi kwenye furu, yaani tanuru, nikaosha plasta, nikaiweka mezani na furaha yote. Usiku nikasikia tik. Asubuhi ufa umeanzia kwenye kona ya ndani umepita mpaka upande wa pili. Nikarudia mara mbili tena, na zote zikalia tik.

Njo nikaenda muzee, kwenye makumbusho, kuangalia kroazeti ya kweli, nikakaa mbele yake karibu saa nzima. Kona za ndani zimeviringika kama zimelambwa na ulimi, hakuna mahali pembamba panashikana ghafla na pale panene. Wazee walikuwa wanamwaga shaba ya moto kwenye kalibu, sasa kitu cha majimaji kinachoganda hakipendi kona kali, na kioo nacho ni vile vile tena zaidi. Kwenye makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbwa 1957 na 1958, ilipatikana misalaba ya namna hii, mingine midogo ya kuingia kwenye kiganja. Wale mafundi walishajibu swali langu miaka mingi kabla sijazaliwa, mi nilikuwa sijawauliza tu.

Haya, sasa kupoza, maana hapa njo wengi wanaharibu. Kioo cha chupa kinajaa vizuri kwenye kalibu karibu na digri 850, lakini kazi yenyewe inaanza ukishashuka. Kwa kitu cha unene wa sentimita 2 mi naacha masaa 3 kwenye 550, halafu nashusha digri 25 kwa saa mpaka nipite 450, kisha naacha furu ipoe yenyewe na mlango umefungwa, hata kama roho inakuuma kuchungulia usifungue. Umeme ukikatika katikati, tofali nene za furu njo zitakuokoa, maana zinashika joto, kwa hiyo pesa yako ya kwanza weka kwenye tofali, mapambo ya furu yatakuja nyuma. Na usichanganye chupa: ya kijani ya bia na ya kahawia zinaonekana ndugu lakini kila moja inajikunja kivyake ikipoa, zitapasuana. Chagua aina moja ukae nayo.

Kujua utaweka chupa kiasi gani ni rahisi: kabla ya kumwaga plasta pima nta yako kwenye ndoo ya maji, maji yanayopanda zidisha mara 2.5, hiyo njo gramu za kioo. Mililita 400 ni kilo 1.

Rangi sasa, hapo moyo wangu unawaka, kwa sababu kobalti na shaba za ardhi yetu njo hizo hizo zinazotoa bluu na feruzi kwenye kioo. Kwenye meli ya zamani iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, zaidi ya miaka 3300 iliyopita, walikuta tani kama 10 za shaba pamoja na mikate ya kioo cha bluu ya kobalti. Nilipojua hivyo sikulala. Lakini angalieni, oksidi ya kobalti gramu 1 kwa kilo 1 ya unga wa kioo ni bluu nzito tayari, na ununue ile safi ya mafundi wa ufinyanzi, usisage mawe ya karieri, yaani ya machimbo, mengine yana uranium. Malakiti nayo, lile jiwe la kijani la shaba, usiitie kwenye furu, inageuka nyeusi na inajaza kioo mapovu. Kusaga kioo ni kwa maji na maski, kila mara, hata kama ni dakika mbili. Mapafu hayarudi.

Mwisho, lukasa. Wengi mnaipenda, ule ubao wa Baluba wenye shanga ambao watu wa Mbudye, chama cha watunza historia, walikuwa wanasomea historia ya wafalme. Msiinakili shanga kwa shanga, ile ina wenyewe, tafuta mzee wa kwenu umuulize kwanza. Mi nilifanya ya kioo na vidoti vilivyoinuka, nikampelekea mzee mmoja, akaishika mkono wa kushoto, akafunga macho, akapitisha kidole cha mkono wa kuume polepole. Mi nilidhani atasifu mwanga. Akasema, "Mwanangu, hapa kidole kinapotea, vidoti viko mbali mbali mno." Nilirudi nikachonga nta upya usiku ule ule, na nilichonga na macho yamefungwa.