Sanduku la Maswali: Dira ya Jack, Matanga ya Salazar na Ukuta Unaomeza Giza

Barua kuhusu filamu ya 5 ya Pirates of the Caribbean zimetufikia kutoka Kisumu, Nakuru na kaunti za Magharibi. Ilitoka 2017, miaka 14 baada ya ile ya kwanza. Ambaye hajaitazama ajue kwamba majibu yetu yanafichua mwisho wake.

*Nilinunua Dead Men Tell No Tales. Wiki iliyofuata nikauziwa Salazar's Revenge, nikaambiwa ni sehemu ya 6. Naona ni kitu kile kile. Au sijaelewa? – Msomaji, Kondele, Kisumu*

Umeelewa sawasawa. Ni filamu moja yenye majina mawili: Marekani waliiita la kwanza, Uingereza na nchi kadhaa wakaiita la pili. Usiangalie picha ya kasha, angalia muda na waongozaji. Ikiwa ni dakika 129 na waongozaji ni Joachim Rønning na Espen Sandberg, hiyo ndiyo ya 5, haijalishi kasha limeandikwa nini. Zile 3 za mwanzo ziliongozwa na Gore Verbinski, ya 4 na Rob Marshall.

*Watoto wako likizo na wanataka kuitazama hii ya 5. Lazima tuanze na zote 4? – Mama wawili, Nakuru*

Zote 5 zinakula saa 12 hivi, kwa hiyo gawanya siku. Kama muda ni mfinyu, tazameni ya 1 (2003), ya 2 (2006), ya 3 (2007), halafu mruke hadi ya 5. Hiyo ni chini ya saa 10. Msiruke ya 3 kwa sababu ya urefu wake wa dakika 169. Bila hiyo, Henry Turner atakuwa kijana tu anayemtafuta baba yake, na hamtajua kwa nini baba huyo, Will, amefungwa kwenye meli ya Flying Dutchman na kuruhusiwa kukanyaga nchi kavu siku moja kila miaka 10.

Ya 4 (2011) ina mambo mawili tu mnayoyahitaji, na unaweza kuwasimulia watoto wakisubiri chai. Haramia Blackbeard aliifinya Black Pearl, meli ya Jack, ikawa meli ndogo ndani ya chupa, na haramia mwingine, Barbossa, akauchukua upanga wa Blackbeard. Katika ya 5, upanga huo ndio unaoitoa Pearl kwenye chupa.

Halafu msizime majina yanapoanza kupanda. Kila moja kati ya hizo 5 imeficha kipande kifupi mwishoni kabisa. Cha filamu ya 3 kina uzito kuliko vyote, maana ndicho kinachomwonyesha Will akirudi baada ya miaka 10 na mwanawe akimngoja.

*Sisi chuoni tumegombana. Mmoja anasema habari ya dira katika ya 5 inapingana na filamu za nyuma. Mwingine anasema inawezekana kuielewa. Nani mkweli? – Mwanafunzi, Kakamega*

Wa kwanza, ingawa wa pili ana nusu ya hoja.

Tuanze na kanuni ya 2017. Haramia Jack Sparrow, mhusika mkuu, alipewa dira akiwa kijana, na nahodha wake aliyekuwa akikata roho ndani ya meli ya Wicked Wench. Akaonywa kwamba akiisaliti, itakiachilia kile anachokiogopa kuliko vyote. Miaka mingi baadaye anaibadilisha kwa chupa ya pombe, na palepale Salazar, nahodha mzimu na adui yake, anafunguka kutoka Pembetatu ya Ibilisi alikonaswa.

Sasa rudini 2006. Mganga Tia Dalma anatamka wazi kwamba Jack aliipata dira hiyo kwake, kwa kubadilishana. Kisha hesabuni mikono iliyoishika kwa ridhaa ya Jack: Elizabeth katika ya 2, Will katika ya 3, baharia wake Gibbs katika ya 4. Salazar hakutoka hata mara moja.

Anayeitetea ya 5 atasema kuazima si kusaliti, na kumpa Will ili kumtega adui si kusaliti. Hapo tunakubali, Elizabeth, Will na Gibbs wanatoka kwenye hesabu. Lakini Tia Dalma habanduki. Ikiwa Jack alikuwa nayo tangu ujana, ili ainunue kwa Tia Dalma ilibidi kwanza imtoke mkononi. Kama aliitoa mwenyewe, Salazar angekuwa huru miaka hiyo. Inabaki kwamba iliibwa, na hakuna filamu inayosema hivyo.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba maana ya dira yenyewe imepungua. Miswada ya filamu 4 za mwanzo iliandikwa na Ted Elliott na Terry Rossio, na kwao dira ilionyesha kile moyo wako unachokitaka zaidi. Ndiyo maana katika ya 2 inamzungukia Jack kama pia: hajui anachotaka. Mswada wa ya 5 ni wa Jeff Nathanson, na humo dira imekuwa kama kufuli, ukiitoa mkononi mlango unafunguka. Salazar wa Javier Bardem, mwenye nywele zinazoelea kana kwamba bado yuko chini ya maji, alistahili mlango bora kuliko huo.

*Sisi huku tunatumia tanga la pembetatu. Meli za humo zina matanga ya mraba lakini zinakwenda popote zinapotaka. Halafu ile ya Jack kijana inageuka kama pikipiki. Inawezekana? – Mvuvi, Mbita*

Kuhusu upepo jicho lako ni sahihi. Merikebu ya matanga ya mraba hubisha, yaani huupanda upepo kwa kwenda mshazari huku na huku, lakini kwa shida, kwa sababu foromali (boriti inayobeba tanga) hugonga kamba za mlingoti kabla tanga halijakaa sawa kuukabili upepo. Kwa kawaida haiukaribii upepo kupita digrii 67 hivi. Yaani kufika mahali palipo kilomita 10 upande upepo unakotoka, itapiga bisha hadi ikamilishe kama kilomita 26. Chombo chako cha pembetatu kikienda digrii 55, safari hiyo hiyo ni kilomita 17 na kidogo. Bado hatujahesabu namna upepo unavyoisukuma meli kombo.

Kugeuka nako kuna asili ya kweli. Mabaharia walifanya hivi meli ilipobanwa na miamba upande wa demani (upande upepo unakoelekea) na haina nafasi ya kubisha. Usukani unageuzwa kuielekeza omo (pua ya meli) kwenye upepo. Mwendo unapokaribia kufa, nanga ya upande wa demani inaangushwa. Inaponasa, inaivuta omo hadi ipite mkabala wa upepo. Matanga yakishika upande wa pili, kamba ya nanga inakatwa kwa shoka na nanga inaachwa huko chini. Meli ya kivita ya Kiingereza HMS Magnificent iliokoka hivyo mwaka 1812 kwenye pwani ya Ufaransa.

Yanayoharibu ni matatu. Nanga ikiangukia mchanga laini inaburuta. Ikinasa mapema, meli ikiwa bado na kasi, kamba inakatika. Shoka likichelewa, meli inasimama na kurudishwa nyuma kwenye mwamba ule ule. Katika filamu wanatupa kamba kwenye miamba ya juu na meli inazunguka kwa kasi yake yote. Uzito wa mamia ya tani ungezing'oa nguzo za kufungia kamba kabla omo haijageuka.

*Nina ukumbi mdogo wa video. Filamu hii usiku wote ni weusi mtupu ukutani, na wateja wanalalamika picha ni fupi juu na chini. – Mwenye ukumbi, Nakuru*

Picha si fupi. Imepigwa kwa uwiano wa 2.39 kwa 1, kwa hiyo ukutani kwenye upana wa sentimita 240, kimo chake ni 100 tu. Ukiivuta ijaze skrini ya kawaida, unakata robo ya upana, na vita vya meli hapa vimepangwa ubavu kwa ubavu. Iache.

Giza lina dawa. Projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi wako ni ukuta usio na mwanga, basi kila tundu la mabati linaufuta. Ziba matundu, paka ukuta rangi nyeupe isiyong'aa, kisha sogeza projekta karibu. Ukipunguza upana wa picha kwa nusu, mwanga kwenye kila sehemu huongezeka mara 4. Chagua mpangilio wa sinema, si ule mkali wa rangi. Simamisha picha Salazar anapoonekana usiku, pandisha mwangaza hadi mikunjo ya koti lake ionekane, halafu rudisha hatua moja.

Maneno yakizama chini ya mizinga, sauti yako imeandaliwa kwa spika 6 nawe una 2. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kifaa, uchague stirio.

Na unapotoza kiingilio, unahitaji kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya pamoja na idhini ya mwenye haki ya filamu. Diski ya nyumbani haikupi hiyo idhini.