Nalipa ushuru wa soko, diwani simchagui

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi mzaliwa wa Vanga, Kenya. Niliolewa Chake Chake, Pemba, mwaka 2003, nina watoto wanne, wote Wazanzibari. Nauza vitumbua. Kila asubuhi mkusanya ushuru hunipitia na kitabu chake, nampa pesa, ananichania risiti. Masika maji ya mtaro yaliingia hadi chumbani. Mgombea udiwani alipopita kuomba kura aliwapa mkono wote barazani, mimi akaniruka: "Huyu hapigi kura." Hivi kweli mtu kama mimi sistahili hata kura ya diwani?
Muuza vitumbua, Chake Chake

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sheria ilivyo, huna kura. Daftari la Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC) ni la Mzanzibari aliyetimiza miaka 18, na sharti la kwanza ni kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Hata Mtanzania wa Bara anayeishi kwetu hamchagui diwani mpaka awe Mzanzibari kisheria. Lakini wewe hukuuliza sheria, umeuliza kustahili. Mimi nasema unastahili.

Nina mtoto wa ami yangu aliyevuka zamani kwenda kuvua Shimoni, Kenya. Alinunua mashua kwa pesa yake, ikaandikwa kwa jina la jirani, maana yeye hakuwa na kitambulisho. Laini ya simu nayo ya jirani. Nilikwenda kumtembelea, nikamkuta anatengeneza nyavu, mara akaja kijana wa yule jirani akachukua mashua bila hata kuuliza. Ndugu yangu aliinua macho kidogo, akaendelea kushona. Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa raia wake mwaka 2023 alinipigia simu usiku, na kwa muda mrefu nilisikia pumzi tu. Pemba nzima tulifurahi. Sasa tutamwambiaje Mvanga aliyezaa hapa na kuzika hapa kwamba mtaro wa mlangoni kwake haumhusu?

Wako waliokwisha kuwapa wageni kura. Uswidi wageni wakaazi wanapiga kura za manispaa tangu 1976. Malawi, si mbali na sisi, Katiba yao inampa mgeni aliyekaa miaka saba kura hata ya kitaifa. Mimi sifiki huko, na sababu ninayo.

Nimesimamia kituo cha kura Wete mara mbili. Nimeona watu wakishikana mashati kwa sura moja isiyojulikana kwenye foleni, kila mmoja akipiga kelele "mamluki!", yaani mpiga kura wa kuletwa kutoka nje. Hofu hiyo haikuzuka tu. Januari 1961 kiti cha Chake Chake, mji wako huo huo, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilikipata kwa kura moja. Mwaka 1995 urais wa Zanzibar ulitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Kwa hiyo Rais na Mwakilishi, yule wa Baraza la Wawakilishi, tuwaachie raia. Diwani ni wa soko, taka na mitaro. Hapo mgeni aliyekaa miaka kumi mfululizo, na majirani wakamshuhudia hadharani, aandikishwe. (Sheha, mkuu wa shehia, usimtie humu: yeye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hata mimi simchagui.)

Njia iliyopo leo ni uraia. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mke wa Mtanzania kuomba, na Uhamiaji watakueleza fomu. Ila Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Utaukana wa Kenya. Kama una fungu la urithi Vanga, kaa kwanza na ndugu zako, kwani Kenya asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja, hukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Usitie saini kwa hasira ya yule mgombea.

Na zile risiti usizitupe. Zifunge kwa uzi kwa mpangilio wa tarehe, umchukue mumeo na yule mwanao mkubwa mwenye kura, mwende ofisi ya baraza kabla ya vuli. Risiti ziweke wewe mezani, na kuhusu mtaro uulize wewe mwenyewe.