Kuwashawishi wenzako wavae kilti ofisini: jibu la mtu wa Glasgow

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Uko Edinburgh, ofisi ya uhasibu, nusu ya timu ni Waskoti na nusu wageni. Unataka siku ya St Andrew, mtakatifu mlinzi wa Uskoti, tarehe 30 Novemba, watu waje kazini na kilti, lile vazi la Kiskoti la wanaume linalofanana na sketi ya marinda, lakini kila ukiligusia jambo hili kikaoni wanacheka na kuhamia ajenda nyingine. Tena unajiuliza kama wewe Mtanzania una haki ya kulianzisha. Mimi niko Glasgow miaka mingi, ofisi ya bima, na kwetu kilti siku hizi ni jambo la kawaida. Nakuandikia niliyoyaona.

Kwanza, acha kulileta kikaoni. Mtu mzima ukimuuliza mbele ya wenzake kama atavaa kilti, atacheka, maana kucheka ni rahisi kuliko kujibu. Vaa wewe, na uvae siku isiyo na sherehe yoyote, Alhamisi tu ya barua pepe na ripoti. Waskoti wameshaizoea kilti harusini, kwenye mahafali na katika uwanja wa Murrayfield siku ya raga. Mezani mbele ya kompyuta hawajaizoea. Wakikuona umeshinda nayo kutwa nzima, umepokea simu, umepanga foleni ya chai, kazi zako zimekwenda, wataanza wenyewe kuuliza. Mmoja atataka kujua umeinunua wapi. Huyo ndiye wa kuanza naye.

Ila uivae kiofisi. Koti la twidi au sweta nzuri, shati na tai, soksi nzito zinazoishia chini kidogo ya goti, viatu vyeusi vya kila siku, na sporani, yaani kile kimkoba cha kuning'inia mbele ya kilti, ya ngozi ya kawaida. Ile ya manyoya na lile koti fupi lenye vifungo vya fedha ni vya karamu ya usiku. Kisu kidogo cha kwenye soksi kiache nyumbani. Sheria inakuruhusu kukibeba kama sehemu ya vazi la taifa, lakini ofisi ina kanuni zake na mlinzi wa mlangoni asipewe mtihani. Bosi wako mwambie siku moja kabla, kwa heshima tu.

Sasa hao wanaocheka. Kaa na mmoja mmoja pembeni, utagundua kila mmoja ana lake. Kwetu kuna mzee wa idara ya madai aliyekuwa anacheka kuliko wote. Siku moja tukinywa chai akaniambia kilti anayo, ya sufu nzito, yadi 8, aliyoshonewa alipooa, imening'inia kabatini. Haimfungi tena. Hilo tu, na alikuwa anaona aibu kulisema. Nikamsindikiza kwa fundi wa kilti. Fundi akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa kiunoni, akaonyesha kwamba vile vimikanda vya ngozi vya pembeni vinafumuliwa na kusogezwa. Kitambaa cha mbele kilikuwa kinapishana vya kutosha, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Mzee aliichukua, na tangu hapo haachi kuivaa. Alipoivaa yeye, vijana wa idara yake walimfuata bila mimi kusema neno.

Mwingine atakukatalia kwa hoja, na hoja yake ni ya kweli. Tunaye bwana mmoja wa Ayrshire anayesema babu zake walikuwa wakulima wa nyanda za chini na hawakuwahi kuvaa kilti. Ni kweli, lilikuwa vazi la watu wa milimani kaskazini. Baada ya maasi ya Wajakobiti, waliotaka kurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme, serikali ya London ilitunga sheria mwaka 1746 ya kulipiga marufuku kwa raia: kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Wanajeshi peke yao waliachiwa. Sheria ilifutwa 1782, na Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga mapokezi yaliyojaa tartani, yaani kile kitambaa cha mirabaraba cha kushonea kilti, ambacho koo nyingi zina mtindo wao, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Kuanzia hapo hata watu wa nyanda za chini wakaanza kuihesabu kuwa yao. Huyo bwana nilimsikiliza, nikamwacha. Huja na tai ya tartani, inatosha. Usimlazimishe mtu nguo, mkuu. Siku itakapotoka barua ya ofisi kwamba wote mvae, jambo lako limekufa.

Kuna hofu nyingine ambayo wanaume hawaisemi waziwazi: lile swali la umevaa nini ndani. Wapo wanaodhani ni utani usio na madhara. Mimi naliona ni udhalilishaji, hasa kwa kijana mgeni kazini, na kumpandisha mtu nguo yake ni kosa hata kama kila mtu anacheka. Tangu 2010 sheria ya Uskoti inamhesabu kuwa mhalifu anayepiga picha chini ya nguo ya mtu bila ridhaa yake, awe mwanamke au mwanamume. Mwombe meneja aliseme hilo mapema na kwa sauti ya kazi. Na wewe waambie wenzako wavae chupi zao bila wasiwasi, ofisini hakuna desturi inayokataza. Wafundishe pia kukaa: unapitisha viganja nyuma, unayalaza marinda chini yako, ndipo unakaa, na sporani unaiacha iangukie katikati ya mapaja. Ile pini ya mbele, pale vipande viwili vinapopishana, ichomwe kwenye kipande cha juu peke yake. Ukichoma vyote viwili kitambaa kinachanika ukiinama.

Kuhusu haki yako, ondoa shaka. Hakuna sheria ya ukoo inayomzuia mtu kuvaa tartani, ingawa ile iitwayo Balmoral kwa desturi huachiwa familia ya kifalme. Asiye na ukoo wa Kiskoti huvaa tartani iitwayo Black Watch au nyingine ya jumla, na kuna rejista rasmi ya serikali ya tartani tangu 2009 ukitaka kuchagua kwa kujua. Mimi nimekulia Tanga, baba akirudi kazini anavua suruali anafunga kikoi, hakuna aliyemuuliza uanaume wake. Nilipowaeleza hivyo wenzangu wa Nigeria na India, nao wana vitambaa vyao vya kufunga kiunoni, walinielewa haraka kuliko Waskoti wenyewe. Wanawake wasisahauliwe: zipo sketi za kilti, na kwetu wamejitokeza wengi kuliko wanaume.

Kinachobaki ni fedha. Kilti ya kushonewa ni mamia ya pauni, usimtarajie mtu ainunue kwa siku moja. Maduka ya kukodisha yapo tele Edinburgh kwa sababu ya harusi, na zipo za kitambaa chepesi cha bei nafuu. Pigeni simu Oktoba, muulize bei ya kikundi. Kabla ya hapo mpime kila mtu kwa futi ya fundi, usawa wa kitovu, kwa sababu kilti hukaa juu kuliko suruali na anayetaja namba ya jinzi yake atapewa isiyomfunga. Urefu mpime akiwa amepiga magoti: pindo lifike karibu na sakafu bila kuigusa.