Maswali ya Python (lugha ya kuandikia programu): Mafaili ya kwenye folda

os.listdir("picha") inanipa majina vizuri, lakini nikifungua faili naletewa FileNotFoundError. Faili lipo, naliona!

Hili tena. listdir hutoa majina matupu, haitoi njia ya kufikia faili. Ukiandika open("harusi.jpg"), Python inalitafuta kwenye folda ambamo programu imeendeshwa, si ndani ya picha. Unganisha: os.path.join("picha", jina). Afadhali zaidi, hamia pathlib, maktaba ya kushughulikia njia za mafaili iliyopo tangu Python 3.4 ya 2014:

from pathlib import Path
for f in Path("picha").iterdir():
    print(f)

Hapo f inakuja na njia yake. Ikigoma bado, chapisha Path.cwd() ujue umesimama wapi. Wengi wenu hamko mnakodhani. Na tafadhali, nakilini mstari wa mwisho wa hitilafu kama ulivyo. "Haifanyi kazi" si swali.

Mbona kwangu yanakuja kwa mpangilio, kwenye seva yamevurugika?

Hukuahidiwa mpangilio. Tumia sorted(). Ila sorted hulinganisha herufi kwa herufi, kwa hiyo risiti10.pdf itatangulia risiti2.pdf. Andika risiti002 tangu mwanzo.

Njia "C:\Users\kazi" inaleta SyntaxError.

\U huanzisha namba ya herufi ya Unicode (orodha ya namba za herufi za lugha zote). Tanguliza r: r"C:\Users\kazi", au tumia /, Windows inaielewa. Ogopa zaidi "C:\new": hailalamiki hapo, \n inageuka mstari mpya kimyakimya, kisha unahangaika kutafuta folda ambayo haijawahi kuwepo.

Nataka .jpg tu.

Path("picha").glob("*.jpg"). Kwenye Linux, IMG_01.JPG ya kamera itaachwa nje, kagua f.suffix.lower() == ".jpg" badala yake.

Naweza kutumia os.system("ls")?

Hapana. Inachapisha kwenye skrini tu, hairudishi orodha.

Napitia folda na zote zilizomo ndani yake kwa os.walk, lakini inaruka folda nyingine bila kusema lolote.

Ndivyo ilivyoundwa, na mimi siupendi uamuzi huo. Ikinyimwa ruhusa ya kusoma folda, inapita kimya. Ipe onerror=print, itataja kila iliyoshindikana. Kama unahesabu mafaili ya kuhifadhi nakala, bila hiyo hesabu yako ni ya kubahatisha. Pia haiingii kwenye folda za viungo vya mkato (symlink). Mtu atakushauri uweke followlinks=True; kiungo kikielekea folda mama, programu itazunguka humohumo.

Nafutaje mafaili ya zamani huku nikiyapitia?

Usifute huku unasoma. Nyaraka za Python hazikuhakikishii iterdir itatoa nini folda ikibadilika njiani. Chukua orodha yote kwanza, list(Path("picha").iterdir()), weka kigezo chako, kisha print. Soma majina yote. Ukiridhika ndipo ubadilishe print(f) iwe f.unlink(), ukijua kwamba unlink haipeleki kitu kwenye kapu la taka.